Uzi: Michoro ya kale ya bakteria ukutani, ipi utundike na ipi uachane nayo

Mwosha Slaidi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Siku hizi ukifungua kurasa za mapambo ya nyumba hukosi kukuta michoro ya "vijidudu vya kale" inauzwa. Duara, ndani yake vijiti vyekundu juu ya buluu, karatasi imepauka, chini maandishi ya Kijerumani. Watu wananunua, wanatia fremu, wanatundika juu ya kochi, na wengi hawajui kama walichotundika ni kipindupindu au ni kiumbe wa baharini. Mimi kazi yangu ni maabara, makohozi na choo ndiyo maisha yangu, na michoro hii naipenda kuliko picha za simba na machweo. Nimeona tuijadili.

Hoja yangu naitoa mapema: michoro hii imezaliwa na biashara ya nguo. Ukilijua hilo, hata kuchagua kunakuwa rahisi.

Mtu wa kwanza kutuachia mchoro wa bakteria alikuwa muuza vitambaa. Antonie van Leeuwenhoek wa Delft, Uholanzi. Wauza vitambaa wa enzi zile walikagua nyuzi kwa lenzi, yeye akaenda mbali zaidi akawa anasaga lenzi zake mwenyewe. Septemba 1683 aliwaandikia wakubwa wa Royal Society, chama cha wanasayansi kule London, kuhusu ule utando mweupe aliouchokonoa kwenye meno yake, na barua ikafuatana na mchoro. Vijiti, vidonge, kimoja kimejisokota. Kuna kimoja amekipa herufi B, na kutoka C mpaka D pamewekwa mstari wa nukta nukta kuonyesha njia kilikoogelea. Mkono wa kuchora hakuwa nao, alikuwa anaajiri mchoraji. Rangi hakuna hata tone. Kwangu mimi huo ndio mchoro bora kabisa kwa ukuta mweupe: mistari michache, nafasi tupu ya kutosha, na ile safari ya nukta.

Rangi zilikuja karibu miaka 200 baadaye, na zenyewe hazikuwa za bakteria. Bakteria karibu wote ukiwatazama wakiwa hai hawana rangi, ni vivuli vinavyotetemeka kwenye maji. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18 pale London, William Perkin, alikuwa anajaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutoka kwenye mabaki ya lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakupata. Alipata rangi ya zambarau inayoshika kwenye hariri, na hapo viwanda vya rangi za nguo vikaota kila mahali, Ujerumani ikaja kuongoza. Madaktari wakaanza kuchovya vipande vya nyama na makohozi kwenye rangi zile zile za watia rangi nguo, kuona nini kitashika wapi. Methilini buluu, fuksini nyekundu, gentian violet. Hiyo ya mwisho mnaifahamu wote: ni GV, ile dawa ya zambarau uliyopakwa mdomoni ukiwa mtoto ukatembea mtaa mzima unachekwa. Mwaka 1884 Mdenmark Hans Christian Gram, akiwa Berlin, aliitumia kugawa bakteria makundi mawili: wanaoishika rangi na wanaoiachia. Mpaka leo asubuhi nimefanya kipimo hicho hicho.

Sasa tuje kwa Koch. Jioni ya 24 Machi 1882, Berlin, Robert Koch alisimama mbele ya wenzake akatangaza amempata mdudu wa kifua kikuu. Wakati huo, kwa hesabu aliyoitoa yeye mwenyewe, mtu mmoja kati ya saba alikuwa anakufa kwa ugonjwa huo. Alikuja na slaidi zake za kioo zaidi ya 200 watu wajionee kwa macho: nyama imekuwa ya kahawia, vijiti vyembamba vya buluu vimelala ndani. Yaani buluu juu ya kahawia. Ule wekundu juu ya buluu mnaouona madukani ulikuja muda mfupi baadaye. Paul Ehrlich, aliyekuwepo ukumbini jioni ile, aliboresha utiaji rangi mwaka huo huo kwa fuksini, kisha Ziehl na Neelsen wakaweka sawa mpaka ikawa njia tunayoijua. Mdudu wa TB ana nta kwenye ganda lake. Akishanywa rangi nyekundu hata ukimwosha kwa asidi haiachii, wakati karibu vingine vyote vinapauka na kuchukua buluu. Ehrlich huyo huyo baadaye aligundua TB kwenye makohozi yake mwenyewe, akaenda Misri kutafuta hewa ya kupona.

Kwa hiyo muuzaji akikuandikia "mchoro halisi wa Koch wa 1882" na vijiti ni vyekundu, funga ukurasa.

Kazi ninayoipendekeza kuliko zote ni atlasi ya Karl Bernhard Lehmann na Rudolf Neumann, München, 1896. Ndani yake mna michoro ya rangi zaidi ya 500, na humo ndimo jina Mycobacterium lilipotumika kwa mara ya kwanza. Ilichapwa kwa mawe: kila rangi na jiwe lake, karatasi inagandamizwa juu ya jiwe moja baada ya jingine, na rangi ikikaa kando kwa unywele mmoja tu picha imeharibika. Wengi wanakimbilia miduara yenye vijiti. Mimi nawaambia nendeni kwenye kurasa za mirija na sahani. Kimeta kilichochomekwa kwenye jelatini kinaota kama msonobari uliopinduliwa, matawi ya juu marefu, ya chini mafupi. Kuna bakteria mwekundu anayeota juu ya kipande cha kiazi kama damu mbichi. Mchoraji amehangaika hadi na mwanga unaopiga ubavuni mwa kioo. Mgeni akiingia kwako anaona mirija mizuri, habari ya kimeta anaipata kwenye chai.

Na mkishaona kiumbe ana miiba, nyota, kuba na pembe sita, amepangwa kama taa za msikitini, hao si bakteria. Hao mara nyingi ni radiolaria wa Ernst Haeckel, viumbe wa baharini, alichapa kati ya 1899 na 1904. Wazuri sana, ila hawajamuua mtu.

Karibuni.

Kijana wa Chanika

Siti ya mbele nishachukua. Mkuu mbona mnatutisha, mdudu wa TB sebuleni?

Bibi Mwani

Mwanangu nimesoma yote. Sisi huku Jambiani tunalima mwani, na niliwahi kusikia kwamba hao wadudu wa maabara wanalimwa juu ya mwani. Ni kweli au watu wanatania?

Mwosha Slaidi

Shikamoo bibi. Ni kweli, na umenigusa kwenye mchoraji ambaye nilimweka pembeni makusudi nisirefushe.

Mwanzoni walikuwa wanaotesha bakteria juu ya viazi na jelatini. Jelatini shida yake inayeyuka kwenye joto la mwili wa mtu, na huku kwetu mwezi wa pili ingekuwa mchuzi kabla ya saa nne asubuhi. Walther Hesse, aliyekuwa akifanya kazi na Koch, alikuwa anahangaika na hilo. Mkewe Fanny ndiye aliyemwambia, mwaka 1881, tumia agari. Yeye alikuwa anagandishia nayo jeli na vitindamlo jikoni, ujuzi alioupata kwa jirani aliyewahi kuishi Java. Agari inatoka kwenye mwani mwekundu, na ikishaganda haiyeyuki mpaka inakaribia joto la kuchemka. Duniani kote leo bakteria wanaoteshwa hivyo.

Na Fanny Hesse ndiye aliyekuwa anachora picha za kazi za mumewe. Michoro yake ya makundi ya bakteria kwenye sahani ni ya rangi za maji, laini, kila kundi na ukingo wake. Jina lake halikuwekwa popote kwenye ugunduzi wa agari. Sahani ile ya kioo ikabeba jina la Petri tangu 1887, jeli iliyomo ndani haikupewa jina la mtu.

Ila mwani wenu wa Jambiani, bibi, ule wa spinosum na kotoni, unatoa karajinani, ni dada yake agari lakini siyo yenyewe. Karajinani inaishia kwenye dawa za meno na aiskrimu.

Bibi Mwani

Marahaba. Basi huyo Fanny ndiye nitakayemtundika mimi, hao wanaume wengine nyie tundikeni.

Fundi Fremu

Niongeze upande wa kazi maana wateja wananiletea mafaili ya ajabu. Mtu anapiga picha ya skrini ya simu, anataka karatasi ya A2. Ndugu zangu, A2 kwa nukta 300 kwa inchi inataka pikseli karibu 4,960 kwa 7,016. A3 inataka nusu ya pikseli hizo kwa jumla, kama 3,508 kwa 4,961. Chini ya hapo vijiti vyenu vya TB vitatoka kama tambi zilizochemka. Maktaba kubwa wanazo skani nzuri, pakueni faili kubwa kabisa walilonalo, siyo kile kijipicha cha mwanzo.

La pili, msije mkaniambia "fundi, ng'arisha karatasi iwe nyeupe". Ukiing'arisha, pinki na buluu za zamani zinakufa. Acha njano ya karatasi ikae.

La tatu kwa watu wa Pwani, Tanga, Mombasa, Unguja. Unyevu. Karatasi ikigusa kioo inanata na kuota ukungu. Lazima pawe na kadi ya pembeni inayoiacha mbali na kioo, na nyuma pazibwe kwa utepe. Sitaki mtu arudi kulalamika kwamba picha ya bakteria imeota bakteria.

Mwosha Slaidi

Ukungu si bakteria mkuu, ila nimecheka.

Wanaotafuta mafaili: Wellcome Collection ya London waliachia zaidi ya picha 100,000 mwaka 2014, na kila picha ina maelezo ya ruhusa yake pembeni, yasome kabla ya kuchapa za kuuza. Vitabu vizima vya karne ya 19 viko pia Internet Archive. Tafuta kwa majina ya Kilatini au Kijerumani, Kiswahili hakitakupeleka popote humo. Mwingine wa kutafuta ni Edgar Crookshank wa London, kitabu chake cha bakteria kilitoka 1886 na kina kurasa za rangi.

Daktari wa Zamu

Swali la kijinga labda: kamera zilikuwepo. Kwa nini wachore?

Mwosha Slaidi

Si la kijinga, Koch mwenyewe aliligombania. Mwaka 1877 alichapisha picha za kwanza za kamera za bakteria, na hakuwaficha watu kwamba michoro haiamini: mchoraji anachora kile anachokiamini tayari. Lakini picha za wakati ule zilikuwa nyeusi na nyeupe, na kwenye TB ushahidi wenyewe ulikuwa rangi. Bila buluu na kahawia humtofautishi mdudu na takataka. Kwa hiyo alipotoa kazi kamili ya TB mwaka 1884 aliweka michoro ya rangi.

Na kuchora hawakuwa wanachora kwa kubahatisha. Walikuwa na kifaa chenye prizimu kinachofungwa juu ya hadubini. Jicho moja tu, unaona kielelezo na ncha ya penseli yako kwa pamoja, unafuatisha mistari. Ndiyo maana kwenye michoro mizuri vijiti havikupangwa vizuri. Vimelala hovyo, viwili vimepandana, kimoja kimejikunja kwenye pembe ya seli. Ukikuta mchoro vijiti vyote vimelingana na kuachana sawasawa, huyo alichora akiwa mezani kwake bila hadubini.

Niliyepona

Mimi niseme ukweli. Nimeugua TB, nimemeza dawa miezi sita, mkojo unatoka wa rangi ya chungwa, jirani wananihamia mbali. Leo nimepona. Halafu mtu ananiambia huyo mdudu ni pambo? Mnaongea kwa sababu hamjalala naye kifuani.

Mwosha Slaidi

Pole sana ndugu yangu. Sina jibu la kukushinda, na sidhani nitafute.

Daktari wa Zamu

Nilikuwa nataka kuweka picha kubwa ya TB kwenye benchi la kusubiria majibu, kwenye zahanati ninayofanya kazi. Niliona inaelimisha. Nimesoma hapa juu nimesita.

Mwosha Slaidi

Daktari, pale usiweke. Mtu ameshika kikopo chake cha makohozi, anasubiri kuitwa, halafu ukutani kuna yule anayemwogopa amekuzwa mara elfu. Weka korido ya maabara, wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo waone kwamba wanachokitafuta kwenye slaidi kiliwahi kutafutwa kwa penseli. Siku hizi vituo vingi vina mashine, sampuli inaingia, majibu yanatoka yameandikwa, kijana anaweza kumaliza mwaka hajamwona mdudu mwenyewe. Kama una hadubini ya mwanga wa LED, pale mdudu anang'aa njano ya kijani juu ya weusi, ni mzuri kuliko mchoro wowote. Lakini hilo ni langu.

Mwana Kagera

Nimekaa kimya muda mrefu, sasa nauliza. Mnamsifia Koch. Huyu mtu alifika kwetu. Safari ya 1897 na 1898 ndiyo iliyothibitisha kwamba maradhi ya Kiziba yalikuwa tauni. Sawa, hapo ana heshima yake. Lakini 1906 na 1907 alikuwa visiwa vya Ssese, ng'ambo yetu tu kwenye Ziwa, anatibu malale kwa atoksili, dawa yenye aseniki. Dozi ikapandishwa, watu wakapofuka, hawakuona tena. Hao hawana mchoro. Sasa nitundike kazi yake nyumbani kwangu Bukoba?

Mpwa wa Berlin

Kaka, mimi naishi huku. Kwenye taasisi inayobeba jina lake kuna makumbusho, na majivu yake yenyewe yamehifadhiwa ndani ya jengo hilo. Nilisimama pale nikawaza hayo hayo unayoyasema. Hadubini zake ziko ndani ya kabati la kioo, zimesuguliwa zinang'aa.

Mwosha Slaidi

Mwana Kagera, umesema kweli tupu. Ssese sibishani nayo. Mimi kwangu ipo picha moja inayotokana na safari zake za huku, na nimeichagua kwa sababu ni ugonjwa wetu: homa ya papasi. Mwaka 1905 alikuwa kwenye njia za misafara za Afrika Mashariki ya Wajerumani anawapasua papasi waliokuwa wanaishi kwenye vumbi la vibanda vya kupumzikia, akaonyesha kwamba mdudu wa homa anapita mpaka kwenye mayai yao. Papasi mtoto anazaliwa anao tayari. Mwaka huo huo Joseph Dutton, Mwingereza aliyekuwa anafuatilia jambo hilo hilo Kongo, alifia Kasongo kwa homa hiyo hiyo, na bakteria akapewa jina lake. Mchoro wake ni chembe za damu za pinki na katikati yake mizunguko myembamba ya zambarau. Nimeandika chini yake kwa mkono "Papasi, 1905", jina la Koch sikuliweka. Wengine wataona nimekosea kumfuta, wengine wataona nimempa nafasi bado. Wewe ukitundika ya kwako, andika Ssese chini yake kama unaona inafaa. Fremu ni yako.

Mwana Kagera

Nitaandika zote mbili. Kiziba na Ssese.

Kijana wa Chanika

Mke wangu nimemsomea uzi wote. Amekataa bakteria, amekubali kanga yenye hizo nukta za Leeuwenhoek kwenye pindo. Nani anachapa kanga humu?

Bibi Mwani

Na jina la kanga liwe "Usiyemwona yupo".

Fundi Fremu

Kanga siyo fani yangu. Ila kama kuna mtu ana faili safi la ule mchoro wa 1683 anitumie, nina wateja wawili wa kliniki ya meno wanaouliza, na hao nadhani hawatagombana na wagonjwa wao.

Daktari wa Zamu

Meno? Hapo sawa kabisa, ametoka mdomoni mwa mtu. Mimi nimeamua: TB inaenda korido ya maabara saizi A3, na kwenye benchi la kusubiria naweka sahani za Fanny Hesse. Fundi, korido yetu inapigwa jua la jioni kuanzia saa kumi, kioo cha kawaida kitafaa?

Fundi Fremu

Hapana, fuksini yako itapauka hata kama ni wino wa printa. Hamishia ukuta wa pili, au uniambie nikutafutie kioo kinachozuia miale. Ni ghali zaidi, na ukuta wa pili ni bure.